Yafaa Wanafunzi Wafundishwe Kusoma Programu

Aghalabu mwanafunzi anayeanza elimu ya kompyuta, awe Songea au Dar es Salaam, hufundishwa kuandika programu fupi: ya kujumlisha namba, ya kupanga majina, ya kukokotoa alama za mtihani. Programu ya namna hiyo huenea katika skrini moja, na jicho peke yake latosha kuipitia. Lakini kazi inayomngoja baada ya masomo si hiyo. Inayomngoja ni programu ya maelfu ya mistari, iliyoandikwa na watu asiowajua, ambayo sharti isomwe kabla ya kurekebishwa.

Mfano ulio karibu ni DHIS2, mfumo unaokusanya taarifa za afya nchini, zikiwamo za wilaya za Mkoa wa Ruvuma. Uliasisiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki kuuenzi hapa nchini. Maandishi yake, ambayo sehemu yake kubwa ni ya lugha ya Java, yako wazi kwa kila atakaye kuyasoma. Swali ni hili: je, kijana wa Songea, aliye zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, akikuta hesabu ya jedwali haikubaliani na daftari la zahanati, ataweza kuitafuta sababu mwenyewe?

Programu kubwa hugawanywa katika vitendakazi. Kitendakazi ni fungu la maagizo lililopewa jina ili liitwe popote linapohitajika. Mahali linapoelezwa jinsi linavyofanya kazi ndipo penye fasili yake. Kwingineko jina hutajwa tu. Msomaji anayekuta jina hilo katika jalada moja huenda akaikuta fasili yake katika jalada la kumi. Akiitafuta kwa kushusha kishale mstari mmoja mmoja, atachoka kabla hajaelewa.

Watunzi wa vihariri waliliona tatizo hili zamani. Kihariri cha vi, kilichotungwa na Bill Joy mwaka 1976 huko Berkeley, Marekani, kilitegemea umbo la maandishi. Katika lugha ya C, bano la kufungulia fasili likiwekwa mwanzoni kabisa mwa mstari, kubonyeza bano la mraba mara mbili kulitosha kukipeleka kishale kwenye fasili inayofuata au iliyotangulia. Jambo hili halitakuwa geni kwa aliyeona mashamba ya ngoro ya Wamatengo huko Mbinga. Mtu aliyesimama ng'ambo ya bonde huona mpaka wa kila shimo, kwa sababu mkulima alipanga nyasi kwa miraba na kuzifunika udongo kwa utaratibu mmoja. Utaratibu wa mwandishi ndio unaomwongoza msomaji.

Baadaye ikaja programu ya ctags, ambayo hupitia majalada yote na kuandika faharasa: jina la kila kitendakazi na mahali ilipo fasili yake. Mali bila daftari huisha bila habari, na programu kubwa bila faharasa humpotea hata mwenyewe. Tangu mwaka 2016 pamekuwapo itifaki ya pamoja, iliyoanzishwa na Microsoft, inayowezesha vihariri mbalimbali kuiuliza programu nyingine inayoielewa lugha husika: fasili ya jina hili iko wapi? Njia ya faharasa haihitaji intaneti wala mashine ya bei kubwa. Kompyuta kuukuu ya chuo cha ufundi yaitosha.

Wako walimu wanaohofu kwamba kurukaruka hivyo kutamfanya mwanafunzi awe mvivu. Hofu hiyo haina msingi mkubwa, kwani hakuna asomaye kamusi kuanzia A hadi Z ili ajue maana ya neno moja. Iliyo na uzito ni tahadhari nyingine. Faharasa yaweza kudanganya: jina moja laweza kuwa na fasili mbili, na lugha nyingine huamua kitendakazi kipi kiitwe wakati programu inapotenda kazi, si kabla. Kwa hiyo mwanafunzi afundishwe kwenda, kupima alichokikuta, na kurudi alikotoka bila kupoteza uzi wa hoja. Kurudi ni nusu ya ustadi wenyewe.

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku, baada ya jaribio la kuweka hesabu za Serikali katika mashine kwenda mrama. Marufuku hiyo iliondoka zamani, lakini fundisho lake lingalipo: mfumo usio na wenyeji wa kuusoma ni mzigo, hata ukiwa umetolewa bure.

Basi ni wajibu wa vyuo kutenga saa za kusoma programu za watu wengine, tangu muhula wa kwanza, na kutahini kusoma kama vinavyotahini kuandika. Mtihani wenyewe ni mwepisi kuutunga: mwanafunzi apewe programu kubwa asiyoijua, aonyeshwe jibu lenye kosa, kisha afuate fasili moja baada ya nyingine mpaka aonyeshe mstari ulilozaa kosa hilo. Atakayeweza hivyo hatamsubiri mtaalamu wa kutoka mbali.