Ahadi ni Deni

Ewe msomaji kijana, uliye bado katika shule ya sekondari, nina neno nawe. Walimu wako wakuhimiza usome kwa bidii ili upate nafasi katika Chuo Kikuu. Wasema kweli. Lakini je, yupo aliyekwambia utakapofika mlangoni utadaiwa kiasi gani? Hayupo, wala kosa si lake. Jambo lenyewe halitulii.

Zamani si nyingi, mwanafunzi aliyepelekwa na Serikali katika Chuo Kikuu cha umma alitozwa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka. Mzazi alijua mapema atauza mbuzi wangapi. Mwaka 2023 mpango huo uligeuzwa. Wanafunzi wapya wakapangwa katika daraja kwa kadiri ya uwezo wa jamaa zao, na karo ikagawanywa mafungu matatu: msaada, mkopo, na malipo ya nyumbani. Kwanza daraja zilikuwa nne; mwaka 2024 zikawa tano. Desemba mwaka huo huo Mahakama Kuu ikatamka kwamba mpango wavunja Katiba. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ikaisimamisha hukumu hiyo, na Serikali nayo ikapunguza karo. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.

Wako wasemao kwamba mpango wa kale uliviacha vyuo katika madeni, na kwamba mtoto wa tajiri alilipa sawa na mtoto wa maskini. Maneno hayo yana haki, wala siyakatai. Lakini na tupige hesabu. Tuseme kozi yagharimu shilingi 200,000 kwa mwaka. Kwa daraja za mwaka 2024, maskini kabisa alipewa msaada wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25. Nyumbani wakalipa asilimia 5. Basi wazazi watoe 10,000, na mtoto akope 50,000. Baada ya miaka minne ana deni la karo la shilingi 200,000. Mwenzake wa zamani alitozwa karo ya 64,000 tu kwa muda wote huo. Je, huyu ndiye aliyesaidiwa?

Tena, uwezo wa jamaa wapimwa kwa kuulizwa mapato yao. Mwenye mshahara ana karatasi ya kuonyesha. Mkulima aonyeshe nini? Mwaka wa mvua ana magunia. Mwaka wa ukame ana jembe tu.

Na gharama iliyo kubwa kuliko zote haiandikwi katika vitabu vya hesabu. Ni ya kijana aliyeiacha kozi anayoiweza akashika iliyo rahisi kulipiwa. Ni ya binti aliyeambiwa angoje kaka yake amalize kwanza.

Sisemi mipango isigeuzwe kamwe. Nasema karo ijulikane kabla mwanafunzi hajachagua kozi, na aliyeanza kwa sharti moja amalize kwa sharti lilo hilo. Serikali humtaka mkopaji atimize ahadi yake, nayo ina haki. Basi na yenyewe itimize yake. Deni la mwanafunzi limeandikwa, naye atalilipa miaka mingi. Deni la Serikali kwake limeandikwa wapi? Kesho utakuwa mpiga kura, ndugu yangu. Anza leo kuuliza.