Hii Ploti Haiuzwi

Kuna swali ambalo halikosi kuulizwa na mtu mpya, na sisi mashabiki wa hevi metali hatukosi kulijibu vibaya. "Wasee, nimeanza kuskiza metali na nimeipenda. Nianze na bendi gani?" Ni hilo tu. Mtu ameskia gitaa likinguruma mahali, labda kwenye gemu, labda kwa simu ya binamu yake, nywele zikamsimama, na sasa anaomba kuonyeshwa njia.

Majibu huja ya aina tatu. Wa kwanza anamtupia orodha ya albamu mia moja kuanzia 1970, bila neno hata moja la maelezo. Wa pili anamfanyia mtihani: unajua nini tayari, mpiga ngoma wao wa kwanza alikuwa nani, hebu taja nyimbo tano za hiyo bendi iko kwa tisheti yako. Wa tatu anacheka na kumwambia arudi kwa gengetone. Kama aliyeuliza ni msichana, mtihani unaongezewa karatasi ya pili, na swali la kwanza ni mwanamume gani alimwonyesha huu muziki.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Nikitaka mtihani najua mahali ulipo. Sikutarajia kuupata kwenye muziki ambao sifa yake kubwa ni kwamba hauombi ruhusa kwa mtu.

Tukumbuke ulikotoka. Tony Iommi alikuwa kijana wa kiwandani, Birmingham, Uingereza. Akiwa na miaka 17, mashine ya kukata mabati ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na kwa vile yeye ni wa kushoto, huo ndio mkono anaobonyezea nyuzi. Aliambiwa gitaa limeisha. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Sauti nzito tunayoiabudu ilipata sehemu ya uzito wake hapo, kwa ufundi ambao mtu yeyote wa Kamukunji angeutambua kuwa jua kali tupu. Black Sabbath walipotoa albamu yao ya kwanza Februari 1970, wachambuzi wengi waliidharau. Wenye elimu ya muziki walisema hawa vijana hawajui kitu. Kama wangelazimika kupita mtihani wa mashabiki wa leo, hatungekuwa na cha kushabikia.

Na hapa kwetu, mtu mpya huwa ashahojiwa kabla hajatufikia. Hii ni nchi ambayo mwaka wa 1994 rais aliunda tume nzima ya kuchunguza ibada ya shetani, na ripoti yake ikafika Bungeni mwaka wa 1999. Tume imekwisha, woga umebaki. Mtoto akivaa nyeusi tupu siku tatu mfululizo, mama anapiga simu kwa pasta. Shangazi anauliza kama amejiunga na Iluminati. Kwa matatu anaangaliwa na mtu mwenye Biblia mapajani kana kwamba amebeba nyoka. Amehojiwa nyumbani, amehojiwa kanisani, halafu anakuja kwetu, watu pekee ambao wangepaswa kumwambia "karibu, kaa," na sisi pia tunatoa karatasi ya maswali.

Najua utetezi. Wanasema ukifungua mlango sana, muziki utageuka fasheni. Wanaonyesha Gikomba, tisheti za Metallica na AC/DC zimerundikwa pamoja na jezi kuukuu, na vijana wanazivaa bila kujua wimbo hata mmoja. Sawa. Lakini huyo aliyevaa tisheti ya mitumba ana jina la bendi kifuani, na sisi tuna nyimbo. Tunahitaji nini kingine ili mazungumzo yaanze? Wengi wetu hatukuzaliwa na kaseti mkononi. Tulivutiwa na picha ya fuvu, na skio likafuata macho.

Utetezi wa pili una uzito zaidi. Wanasema metali ina historia, na mtu asiyeijua anaweza kupotea. Ni kweli, na hapo ndipo nawakasirikia zaidi. Mnamlinda dhidi ya nini? Norwe, miaka ya tisini mwanzoni, tawi moja la muziki huu lilichoma makanisa na kumwaga damu. Varg Vikernes wa Burzum alihukumiwa mwaka wa 1994 kwa kumuua mwanamuziki mwenzake na kuchoma makanisa, na baadaye akaeneza ubaguzi wa rangi waziwazi. Mtoto Mwafrika anayeanza leo anahitaji mtu wa kumwambia hilo mapema, kabla hajatundika bango la mtu ambaye hamhesabu kuwa binadamu kamili. Lakini angalia zile orodha za albamu mia: Burzum yumo, bila onyo, kwa sababu "ni muhimu kihistoria". Aliye na hatari tumempisha, na msichana wa Umoja aliyetaja wimbo usiofaa tumemfungia nje.

Soja mzuri wa geti kila mtu wa Nairobi anamjua. Anazuia mwizi. Mgeni anamsalimia, anamwelekeza: bloku ya pili, orofa ya tatu, chunga hiyo ngazi imevunjika. Sisi tumekuwa soja wa aina nyingine, yule wa ploti tupu iliyozungushiwa mabati, ambayo kazi yake yote ni maandishi ya rangi nyekundu: HII PLOTI HAIUZWI. Ndani hakuna nyumba. Ni nyasi na mbuzi wa jirani.

Na ploti yetu inaelekea huko. Nairobi imetoa bendi za kweli: Last Year's Tragedy, Parking Lot Grass, Irony Destroyed, Absence of Light, Seeds of Datura. Watu hawa walilipia mazoezi kwa pesa za mfukoni, wakabeba amplifaya kwa teksi, wakapiga mbele ya umati ambao nusu yake ni bendi zinazosubiri zamu. Bendi haiwezi kuishi kwa heshima ya wajuzi. Inaishi kwa mtu wa kawaida anayelipa kiingilio, anayenunua tisheti, anayemleta rafiki safari ijayo. Huyo ndiye tunayemfukuza. Kisha bendi ikivunjika tunaandika rambirambi ndefu za kulaumu redio.

Basi tujibu vipi? Anza kwa kumuuliza anapenda nini tayari, na umuulize kwa sababu unataka kumsaidia.

Kama alilelewa na benga, mwambie hayuko mbali. Pale sauti inaponyamaza kwenye benga na magitaa yanapanda yakifukuzana, furaha hiyo hiyo iko kwa magitaa mawili ya Iron Maiden, The Number of the Beast, 1982. Amuonye tu mama kuhusu picha ya jalada. Kama anapenda rapu yenye hasira, mpe Body Count ya 1992, Ice-T na wenzake. Kama ameambiwa huu ni muziki wa wazungu, mpe Living Colour, Vivid, 1988, Weusi wanne wa New York, na usiongeze mahubiri. Kama anataka ngoma zinazotikisa kifua, mpe Sepultura, Roots, 1996, Wabrazili waliokwenda kurekodi pamoja na watu wa Xavante. Kama ana huzuni tu na hajui aipeleke wapi, Black Sabbath bado wanafanya kazi.

Halafu mpe za nyumbani, na usiziweke mwisho kama shukrani za mazishi. Mwambie Zambia ya miaka ya sabini ilikuwa na roki nzito yake, Zamrock, na WITCH wakiwa mbele. Mwambie Botswana kuna mashabiki wanaovaa ngozi nyeusi na kofia za kauboi chini ya jua lile, na bendi kama Wrust, Skinflint na Overthrust. Mwambie Martin Khanja na Sam Karugu wa Nairobi waliitwa Duma, giza kwa Kikuyu, na albamu yao ya 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ina kelele za kompyuta, ina mayowe, na soja wetu bado wanabishana kama hiyo ni metali halali. Khanja hakungoja uamuzi. Kama Lord Spikeheart alitoa The Adept mwaka wa 2024, kazi aliyoifunga na kumbukumbu ya Muthoni wa Kirima, Fildi Mashali wa Mau Mau, mzee wa ukoo wake. Mtoto wa Nyeri au wa Kayole akijua hilo siku ya kwanza, hatawahi kufikiri kwamba ameomba hifadhi kwenye nyumba ya watu.

Nyimbo tatu zinatosha. Mpe tatu, mwambie kwa nini kila moja, halafu mwambie arudi akueleze ni ipi alichukia. Atakayerudi kulalamika ashakuwa mwenzetu, maana kulalamika ndiyo lugha yetu rasmi. Asiyerudi hajatuibia chochote.

Na kama kuna shoo wikendi, mwambie ni wapi, kiingilio ni ngapi, na matatu za kurudi huisha saa ngapi. Hilo la mwisho ndilo watu husahau, na ndilo humfanya msichana wa miaka kumi na tisa aamue kuja au kubaki nyumbani.

Wewe uliyeskiza huu muziki miaka kumi na tano, unayejua kila mpiga besi na kila mwaka wa kila albamu, hakuna anayekunyang'anya. Ujuzi wako unahitajika sana. Lakini mtu akibisha geti, mfungulie, halafu umwambie nyumba ni ipi.