Mambo ya Ulimwengu: Ziwa Moja, Serikali Nne

Hapa kwetu Katanika vijana wa shule hutuuliza: "Congo imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, sisi tumepata nini?" Swali hilo si la utovu wa adabu. Ni swali la mwenye akili, nasi yatupasa kulijibu bila kulizungusha.

Kwanza tukumbuke mambo yalivyokwenda. Wakuu wa nchi waliikubali Congo tarehe 29 Machi 2022. Mkataba ukatiwa sahihi Nairobi tarehe 8 Aprili. Na tangu tarehe 11 Julai mwaka huohuo nchi yetu ni mwanachama kamili. Lakini kwa mtu wa kando ya ziwa, ushirika wa mataifa haukuanza na sahihi hizo. Ulianza majini.

Litazameni ziwa letu. Congo, Tanzania, Burundi na Zambia zalizunguka. Samaki mdogo tumwitaye ndakala, Kigoma huitwa dagaa, Burundi ndagala, na Zambia kapenta. Majina ni manne, samaki ni yuleyule. Naye hajui mpaka wala hachukui hati ya safari. Mvuvi wa Kalemie akivua makinda kwa wavu wa macho madogo, njaa yaweza kubisha hodi Mpulungu. Tena serikali moja ikikataza na nyingine ikiruhusu, mtiifu ndiye apataye hasara, na mkaidi ndiye ashibaye.

Kwa sababu hiyo nchi hizo nne zilitia sahihi mkataba wa kulitunza ziwa, mjini Dar es Salaam, tarehe 12 Juni 2003. Ndipo ikazaliwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Bujumbura. Baadaye zikapatana kulipumzisha ziwa miezi mitatu ya mwaka ili samaki wazae. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu 15 Mei hadi 15 Agosti.

Hapo ndipo penye jasho. Miezi mitatu ni mirefu kwa nyumba ambayo chungu chake hutegemea mtumbwi. Haifai kumwambia mama mwenye watoto sita kwamba subira yavuta heri, kisha tukaenda zetu. Sheria njema isiyomkumbuka mwenye njaa huvunjwa usiku. Serikali ifungayo ziwa na ifungue mlango mwingine: shamba, mkopo, au kazi ya mshahara. Na mvuvi naye akumbuke kwamba ziwa lisilopumzika litamfunga yeye, si kwa miezi mitatu, bali kwa maisha.

Liko jambo la pili, nalo lapita mlangoni petu. Maji ya ziwa hili yana njia moja tu ya kutokea, ndiyo mto Lukuga, hapa Kalemie. Mwingereza Cameron alipofika mwaka 1874 aliukuta mdomo wake umesongwa na mchanga na majani. Miaka michache baadaye maji yalipasua kizuizi, na ziwa likashuka mita nyingi pande zote. Katika miaka ya karibu tumeona kinyume chake: maji yalipanda, na mwaka 2024 nyumba zilizama Kalemie, Uvira, na Gatumba kule Burundi. Basi, tope la Lukuga si tope la Kalemie peke yake. Mdomo huo ukizibwa, jirani wa Bujumbura atalowa. Ukifunguliwa kupita kiasi, bandari za wengine zitakauka. Nani awezaye kulipima jambo hilo peke yake? Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wazee watasema kwamba ushirika huu si mpya, nao wasema kweli. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na reli kutoka Kabalo ikafika Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, mwaka 1915. Mwaka 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji nafasi katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, mizigo ya Congo ipite bila kutozwa ushuru. Kazi iliendeka. Lakini mabwana wawili walipatana juu ya vichwa vyetu, na mpagazi hakuulizwa neno.

Kosa kama hilo laweza kurudi hata chini ya bendera zetu wenyewe. Jumuiya ya kwanza, ya Kenya, Uganda na Tanzania, ilianza mwaka 1967, ikavunjika mwaka 1977. Walioandika mkataba mpya wa mwaka 1999 walikiri sababu zake: wakuu walikosa nia thabiti, faida haikugawanywa sawasawa, na wananchi hawakushirikishwa vya kutosha.

Wala tusifiche kidonda. Congo na Rwanda zakaa katika Jumuiya moja, na Congo yaishtaki Rwanda kwamba yawasaidia waasi wa M23, nayo Rwanda yakana. Askari wa Jumuiya walikuja Kivu mwishoni mwa 2022, wakaondoka Desemba 2023. Na Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa waasi. Jumuiya haikuzuia. Je, tutoke? Twajibu hivi: nyumba ya jirani haihamishwi kwa hasira. Penye ugomvi ndipo baraza lihitajiwapo zaidi, mradi baraza hilo liseme kweli, wala lisimwogope mkubwa.

Basi, kijana, ulipouliza "tumepata nini?" uliuliza vema, sasa ongeza la pili: "tumefanya nini?" Mvuvi asivue makinda. Mama afanyaye biashara ndogo aulize forodhani juu ya hati nyepesi ya Jumuiya, iliyowekwa kwa bidhaa za nchi wanachama zisizozidi thamani ya dola 2,000, asije akalipa asichopaswa kulipa. Mwanafunzi ausome mkataba, kisha amweleze baba yake jioni. Wakuu hutia sahihi siku moja. Kuutimiza mkataba ni kazi ya kila siku, nayo ni yetu sote tulio kando ya maji haya.