Asilimia ya mafuta kwenye mizani isikutishe, wala isikubembeleze

Mwanzoni mwa mwaka huu nilipokea wagonjwa wawili ndani ya wiki moja, kila mmoja akiwa na karatasi aliyopewa jimu baada ya kupimwa mafuta ya mwili. Karatasi hizo mbili ndizo zilizonifanya niandike haya.

Wa kwanza alikuwa baba wa miaka 52. Karatasi yake ilisema ana mafuta asilimia 24, na pembeni pamepakwa rangi ya kijani. Hakuja kwa ajili ya mafuta. Alikuja kwa sababu anaamka usiku mara tatu, nne, kwenda kukojoa. “Daktari, mimi mwili wangu uko sawa,” aliniambia. “Mpaka leo navaa suruali namba 34, ile ile niliyoolea.” Ni kweli alikuwa anaivaa, ila mkanda alikuwa anaufunga chini ya kitambi. Nilimpima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, ikasoma sentimita 108. Sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 9.4, na tuliporudia siku nyingine ilikuwa juu vilevile. Kuanzia 7 ndipo tunapotaja kisukari.

Wa pili alikuwa binti wa miaka 15, ameletwa na mama yake. Huko jimu alipimwa mbele ya wenzake, akaambiwa asilimia 29 ni nyingi, ashushe hadi 18. Akaacha kula mchana, kisha akaacha na cha usiku. Alipofika kwangu alikuwa hajaona hedhi kwa miezi mitatu. Mama alishampima mimba mara mbili nyumbani, na wawili hao walikuwa hawasemeshani. Hakuwa na mimba. Alikuwa na njaa.

Mashine ni ya aina moja. Mmoja ilimbembeleza wakati anaumwa, mwingine ilimtisha wakati ni mzima.

Ni vizuri ujue mizani hizi zinafanyaje kazi. Unaposimama juu yake bila viatu, inapitisha mwilini umeme mdogo sana usiousikia. Umeme hupita kwa urahisi penye maji mengi, kama kwenye misuli, na hupita kwa shida kwenye mafuta. Mizani inapima shida hiyo ya kupita, inachanganya na umri, urefu na jinsia uliyoingiza, kisha inakadiria kwa kanuni ya hesabu. Mafuta yenyewe haijayaona.

Ndiyo maana ukiwa umepungukiwa maji, umetoka kukimbia, umetoka kula, au uko karibu na hedhi, jibu hubadilika. Mimi mwenyewe ninayo moja nyumbani. Kuna siku ilinipa asilimia 34 asubuhi na 31 jioni, na katikati hapo nilikula wali maharage. Baadhi ya mizani ukibonyeza kwamba wewe ni mwanamichezo, asilimia zinashuka papo hapo bila hata gramu moja ya mafuta kuondoka.

Kuna tatizo kubwa zaidi. Mizani ya kusimamia hupitisha umeme kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, kwa hiyo inapima zaidi miguu. Mafuta yanayonitia hofu mimi kama daktari hayako miguuni. Yako ndani ya tumbo, yamezunguka ini, kongosho na utumbo. Hayo ndiyo yanayokwenda pamoja na kisukari, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo. Mafuta ya nyonga na mapaja, ambayo wanawake tumeumbwa nayo zaidi, hayana madhara ya kiwango hicho.

Wapo watakaosema kwamba kipimo chenye kasoro ni bora kuliko kutopima kabisa. Sikubaliani nao. Kipimo chenye kasoro kinachoaminiwa ndicho kilichomfanya yule baba achelewe kuja hospitali.

Ushauri wangu ni rahisi. Kabla hujatoa fedha kununua mizani hiyo, nunua futi. Pima asubuhi kabla ya kula, tumbo likiwa wazi. Simama wima, pumua nje kawaida, usivute tumbo ndani. Tafuta mwisho wa mbavu na mwanzo wa mfupa wa nyonga, upime katikati yake. Usipime pale unapofungia mkanda. Kiuno kisizidi nusu ya urefu wako: mwenye sentimita 170 asivuke 85. Mwanaume akifika 94 na mwanamke 80, hatari imeanza kupanda. Mwanaume akivuka 102 na mwanamke 88, imepanda sana, asisubiri dalili. Vipimo hivi si vya mjamzito.

Andika namba hiyo kwenye daftari mara moja kwa mwezi, pamoja na presha yako. Sukari pima kadiri daktari atakavyokuelekeza. Kama mizani unayo tayari, itumie saa ile ile, katika hali ile ile, na uangalie mwelekeo wa miezi, si wa siku. Mjamzito na mtu aliyewekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo wasiitumie kabisa.

Sasa wazazi. Mtoto si mtu mzima mdogo. Mwili wake unabadilika, na binti anayevunja ungo huongeza mafuta kwa sababu anapaswa kuongeza. Kwa watoto tunatumia chati za ukuaji zinazozingatia umri na jinsia, zipo mpaka miaka 19, na mhudumu wa afya ndiye wa kuzisoma. Ukiwa na wasiwasi na uzito wa mwanao, mlete apimwe faraghani. Usimpime mbele ya ndugu zake, usimwite bonge kwa utani, wala usimruhusu mtu wa jimu ampangie asilimia. Badilisheni chakula cha nyumba nzima, punguzeni soda na chipsi kwa wote, mtembee pamoja jioni. Na binti aliyekwishazoea hedhi ikikata miezi mitatu, mlete kwa daktari. Kabla ya kumgombeza, muulize anakula nini.

Yule baba yuko kwenye dawa, anatembea kila alfajiri, na mwezi uliopita futi ilisoma 102. Binti amerudi mezani, na hedhi yake imerudi. Ile karatasi ya jimu mama yake alinikabidhi, akaniambia niichane mwenyewe.