Wakili Anapokawia na Nyumba Inangoja



Katika mambo yanayotia dhiki majumba yetu, limo moja lisilozungumzwa sana, nalo ni ule muda upitao baina ya siku ya kupatana bei ya nyumba na siku ya kukabidhiwa hati. Mnunuzi ametoa arabuni, pengine kwa kuuza dhahabu ya mkewe; muuzaji ameahidi kuhama; watoto wamekwisha kuambiwa ya kwamba watalala katika nyumba yao wenyewe. Kisha karatasi hutiwa mkononi mwa wakili, na habari hukatika. Kila mnunuzi aendapo afisini huambiwa, “Bado kidogo, pita wiki ijayo.” Wiki huzaa mwezi, na mwezi huzaa mwaka, naye angali katika nyumba ya kupanga akilipa kodi, ilhali fedha zake ziko kwa mtu mwingine.

Leo twataka kueleza kuchelewa huku kwatoka wapi, na mteja ana haki gani na wajibu gani.

Yapasa kwanza tuwe waadilifu. Si kila anayekawia ni mvivu. Nyumba ya Mji Mkongwe si doti la kanga, uchague, ulipe, uondoke. Tuseme mathalan mwenye nyumba amefariki, akaacha mjane, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike, wala hakuacha wazazi. Yakisha kulipwa madeni na kutekelezwa wasia, nyumba hugawika mafungu manane: mjane fungu moja, kila binti fungu moja, na kila mtoto wa kiume mafungu mawili. Ikiuzwa kwa shilingi 80,000,000, mjane na kila binti watapata 10,000,000, na kila mtoto wa kiume 20,000,000. Hesabu ni nyepesi. Watu ndio wazito. Mmoja yuko Maskati, wa pili yuko Mombasa, na wa tatu naye amekwisha kufa, fungu lake limekwenda kwa warithi wake. Akiuza mmoja peke yake, ameuza fungu lake tu. La wenziwe hakuliuza. Basi wakili anayekataa kuandika hati mpaka warithi wathibitishwe mbele ya Kadhi, na kila mmoja wao aridhie, huyo hamwonei mnunuzi, bali anamkinga na kesi ambayo huenda wakairithi wanawe.

Tena kuna historia ya nchi yenyewe. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, nyumba nyingi za mjini zilichukuliwa na Serikali, na ardhi ikawa mali ya umma. Na Sheria ya Ardhi namba 12 ya 1992 ikaweka wazi kuwa mtu hupewa haki ya kuitumia. Nyumba nyingine ni wakfu, na wakfu hauuzwi kwa mapatano ya barazani. Ziko chini ya Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Huko shamba nako, viko viwanja vilivyokatwa katika zile eka tatu tatu walizogawiwa wananchi na Serikali baada ya Mapinduzi, na mgao ule ulikuwa wa kulima. Kwa hiyo wakili hana budi kuuliza: muuzaji huyu aliipata kwa nani, na yule wa kabla yake aliipataje?

Yakisha hayo, ziko afisi za kupita. Tangu sheria ya mwaka 1994, anayetaka kumhaulishia mwenziwe ardhi moja kwa moja huhitaji idhini ya Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, kisha karatasi ziende kwa Mrajis. Na kwa kuwa Mji Mkongwe uliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, mnunuzi ajue kabla ya kulipa ya kwamba hawezi kubomoa ukuta wala kubadilisha mlango pasipo kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Sasa mtauliza: ikiwa kuna kuchelewa kwa haki na kuchelewa kwa uzembe, mtu asiye mwanasheria atavitenganishaje? Kuna njia nyepesi. Usimwulize wakili, “Lini itakuwa tayari?” kwani swali hilo lina jibu rahisi la wiki ijayo. Mwulize hivi: “Bwana Wakili, karatasi yangu hivi sasa iko mlango gani, iliingia tarehe gani, na kitu gani kinangojwa?” Anayefanya kazi atakujibu mara moja: iko kwenye Bodi, iliingia tarehe fulani, wanataka cheti cha kifo cha marehemu. Ambaye hajaligusa jalada lako hatakuwa na mlango wa kukutajia. Naye akikutajia, omba nakala ya barua iliyopelekwa, ukaiweke pamoja na risiti zako. Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Walakini daftari huanza siku ya kwanza, si siku ya ugomvi. Kabla hujatoa fedha, andikianeni na wakili kazi anazozifanya, ujira wake, na siku za kukupa habari. Usiridhike na wakili wa muuzaji ati kwa kuwa dalali amekwambia anatosha kwa nyote wawili. Mtu mmoja hapimi na kupimiwa. Bei iliyobaki usiilipe mkononi kwa ahadi, bali ifungamanishwe na idhini na usajili.

Na hiyo arabuni mwiandikie sharti lake. Maimamu Abu Hanifa, Malik na Shafi hawakuikubali biashara ambayo mnunuzi akijitoa hupotelewa na arabuni. Imamu Ahmad bin Hanbal aliiruhusu, kwa hoja ya nyumba ya Safwan bin Umayya iliyonunuliwa Makka katika zama za Sayyidna Umar. Basi kabla ya kutoa, mwulizeni Kadhi au mwanachuoni, na muandike wazi: ikiwa mauzo yatavunjika kwa kukosekana idhini, au kwa mrithi aliyekataa, fedha zirudi kwa nani na ndani ya siku ngapi.

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote, yahusu jambo hili hili la kuandikiana. Ndani yake mwandishi ametakiwa aandike kwa uadilifu wala asikatae kuandika. Lakini mwisho wake imekatazwa pia kumdhuru mwandishi na shahidi. Mizani ina makopo mawili. Mteja anayeficha mrithi, anayechelewesha ujira, anayetaka tarehe ya uongo iandikwe ili mambo yaende mbio, huyo amemdhuru mwandishi, wala hana uso wa kulalamika.

Ukiwa umetimiza yako yote na wakili angali kimya, mwandikie barua ya adabu yenye tarehe, umtajie uliyompa na unayoyataka, umpe muda maalumu. Muda ukipita, una haki ya kulipa unachodaiwa, kuchukua jalada lako na kumtafuta mwingine. Na kama kuna khiyana, Chama cha Mawakili Zanzibar kipo, na mahkama zipo. Kumsema barazani hakutakuletea hati.

Twayasema haya kwa kuwa mauti hayangoji Mrajis. Muuzaji akifa kabla ya kutia saini, warithi watano huenda wakawa kumi na watano, na wanaodaiana huacha kusalimiana. Nyumba nayo haingoji: kuta za mawe na chokaa na dari za boriti zikikosa wa kuzitengeneza, masika hayaziachi salama. Wako wazee hapa mjini ambao hati zao hazijakamilika, na watoto wao hawajui karatasi ziko wapi. Enyi vijana, waulizeni wazee wenu mwezi huu, kwa adabu, wangali hai na kumbukumbu zao zingali nzima.

Mwenyezi Mungu atujaalie wenye kutimiza ahadi na kurejesha amana kwa wenyewe. Amin.