Mfanyakazi wa Kumi

Mwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa Ngokolo, aliye na wafanyakazi tisa wa ujira wa shilingi 300,000 kila mmoja, akiazimia kumwandika wa kumi hana budi aketi kwanza na daftari lake. Mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kuwa sheria humruhusu kukata nusu katika ujira wa mtu, nusu iliyobaki, yaani shilingi 30,000, ni juu yake, pamoja na 1,500 za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Hayo huvumilika. Lakini tozo ya ufundi stadi, ambayo tangu mwaka 2021 haimgusi mwenye watu pungufu ya kumi, humwangukia siku ile ile, wala si kwa ajili ya huyo mmoja tu, bali kwa wote kumi: kwa kiwango cha asilimia 3.5 kilichowekwa mwaka 2023, ni shilingi 105,000 kila mwezi. Ni tajiri gani, hata awe na taqwa ya walii, asiyeona nafuu ya kumwita huyo wa kumi kibarua, amlipe jioni mkononi, na jina lake lisionekane popote?

Siwatetei wakwepaji. Hifadhi ya jamii, iliyoanza mwaka 1964 kama akiba ya wafanyakazi na kufanywa NSSF mwaka 1997, ni amana ya uzee, na anayekata nusu ya mfanyakazi asiiwasilishe ni mwizi, hata akivaa kanzu nyeupe. Muradi wangu ni kwamba sheria inayohesabu vichwa humfundisha mwajiri kuvificha.

Huko Geita mambo ni magumu zaidi. Katika maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, aghalabu hakuna mshahara wa kukatwa, maana watu hugawana mifuko ya mawe. Walakini tangu mwaka 2019 dhahabu yao ina masoko rasmi, na Serikali hutwaa humo mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Basi mchango wa uzee nao ungeweza kupatikana papo hapo, kwa jina la kila mwenye mgawo. Ila utoke ndani ya mrabaha, usiongezwe juu yake, kwani mwaka ule ule Serikali yenyewe iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na ya zuio ya asilimia 5, ili dhahabu isikimbilie magendo. Na hapa Ngokolo, tozo ya mfanyakazi wa kumi ianzie kwa huyo wa kumi, isirudi nyuma kuwashika tisa.