Gari kuukuu na moshi wake: ubaya uanze kutafutwa wapi?

Wiki hii tunazungumzia jambo ambalo familia nyingi huliacha mikononi mwa fundi na dereva, ilhali madhara yake huingia vifuani mwa watoto: moshi wa gari lililokwisha kula miaka.

Nchini kwetu, gari huangaliwa na askari wa usalama barabarani, nalo hupewa stika likionekana salama. Moshi kwa kawaida hupimwa kwa macho tu, ingawa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za ubora wa hewa za mwaka 2007 zinagusa pia hewa chafu itokayo kwenye magari. Majirani zetu wanakaza kamba. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka 8. Uganda iliweka mpaka wa miaka 15 mwaka 2018. Na Rwanda ilianza mwaka 2025 utaratibu mpya wa kupima moshi wa magari kwa mashine. Tanzania imechagua kutoza ushuru zaidi gari likiwa na umri mkubwa. Basi mwenye gari kuukuu na ajiandae, kwa kuwa zama za kupima kwa macho hazitadumu.

Tuchukue mfano wa Digodigo, huko Usonjo, wilayani Ngorongoro. Njia ya kutoka Mto wa Mbu kupitia ukanda wa Ziwa Natron ina vumbi, mawe na miinuko, na wanaoihimili zaidi ni Land Rover na Land Cruiser za zamani. Gari la namna hiyo likifika mbele ya mashine ya kupimia likakataliwa, mwenyewe hudhani injini imekufa. Mara nyingi sivyo. Ubaya huwa mdogo, ila haukutafutwa kwa utaratibu.

Kwanza tuelewe kinachopimwa. Gari la petroli huingiziwa mrija kwenye bomba la moshi, na mashine husoma kaboni monoksaidi, petroli isiyoungua, kaboni dayoksaidi na oksijeni. Gari la dizeli hukanyagwa mafuta hadi mwisho likiwa limesimama, mara kadhaa, huku mwanga ukipitishwa katikati ya moshi ili ijulikane ni kiasi gani umezuiwa. Vipimo vyote viwili hutaka injini iwe imepata moto sawasawa. Gari lililowashwa dakika mbili zilizopita huweza kuanguka mtihani bila kosa lolote.

Kila kipimo kina lugha yake. Kaboni monoksaidi ikizidi, maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Petroli huungua vizuri pale ambapo kila kilo 1 inapata hewa kilo 14.7 hivi, hewa ikipungua, uunguaji unabaki nusu. Hapo tunatazama chujio la hewa, kabureta, nozeli zinazovuja, au sensa ya oksijeni iliyochoka. Petroli isiyoungua ikizidi, kuna silinda ambayo haifanyi kazi yake, na mafundi husema injini inamisi. Hapo tunatazama plagi, waya zake, majira ya cheche, kisha mgandamizo wa silinda.

Asiye na mashine anayo macho. Moshi mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ringi za pistoni au mipira ya vali imekwisha. Moshi mweupe wa asubuhi unaopotea baada ya muda mfupi ni mvuke tu, lakini ukiendelea huku maji ya rejeta yakipungua, gasketi ya silinda hedi inashukiwa. Kwa dizeli, weupe unaochoma macho wakati injini ni baridi mara nyingi ni mafuta yasiyoungua, na nozeli au majira ya pampu yaangaliwe.

Sasa turudi Usonjo, maana mazingira nayo yana sehemu yake. La kwanza ni vumbi. Chujio la hewa linalotosha miezi mingi kwenye lami huziba upesi katika njia ile, na injini iliyozibwa pua haina budi kutoa moshi mweusi. Tuanzie hapo kabla ya kufungua chochote, kwa sababu ndiyo tiba ya bei ndogo kuliko zote.

La pili ni mwinuko. Mto wa Mbu uko chini bondeni. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro umepita mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni pungufu kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na ya pwani. Injini ya dizeli isiyo na tabo, kama ile 1HZ ya Toyota ya tangu mwaka 1990, hupewa mafuta yaleyale kwa hewa kidogo. Ikibebeshwa abiria na magunia kupita kiasi, moshi mweusi ni jibu lake. Kupunguza mzigo ni sehemu ya matengenezo.

La tatu ni mafuta. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuwa kuanzia mwaka 2015 dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni. Lakini mafuta mazuri ya bohari huweza kuharibika njiani: hutiwa kwenye madumu, huingia maji na taka, au huchakachuliwa kwa mafuta ya taa. Uchakachuaji ulienea hata EWURA ikaanza mwaka 2010 kuyatia mafuta alama ya kuyatambua. Mafuta ya taa hulainisha kidogo kuliko dizeli, hivyo pampu na nozeli husagika, na nozeli iliyosagika haitoi ukungu mwembamba bali matone. Matone hayaungui yote, hugeuka masizi.

La nne ni masega. Magari mengi ya petroli huja na chombo chenye matundu kama sega la nyuki ndani ya bomba la moshi, kilichopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Kikipata joto la nyuzi 300 hivi, hugeuza sumu kuwa hewa isiyo na madhara makubwa. Kwa kuwa madini hayo ni ghali, masega hung'olewa, pengine mwenye gari akiambiwa kuwa yanapunguza nguvu, pengine bila kuambiwa kabisa. Gari lisilo na masega haliwezi kufaulu kipimo lilichoundiwa, hata plagi ziwe mpya. Na masega yaliyoziba kwa kweli huwa yameuawa na ubaya mwingine, kama oili au petroli isiyoungua. Tuondoe kwanza ubaya huo. Gari lililoachwa gereji ni amana. Kilichotolewa ndani yake ni mali ya mwenyewe, na ana haki ya kukabidhiwa mkononi.

Ipo pia hila ya kutia oili nzito ili moshi wa bluu ufiche uso siku ya kupimwa au siku ya kuuza. Huo ni ghishi. Anayeuza gari huku akijua kasoro yake na akanyamaza, hawezi kujificha nyuma ya stika.

Tumeliacha mwisho lililo zito kuliko yote. Katika njia za mawe, bomba la moshi hupasuka au kuchomoka chini ya sakafu, na moshi huingia ndani walikokaa kina mama na watoto. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito, nasi huzidhania uchovu wa safari. Abiria wawili au watatu wakilalamika kichwa kwa pamoja, gari lisimame, wote wateremke wapate hewa, na anayeonekana kulegea afikishwe hospitali bila kungoja. Moshi wa dizeli nao, Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, liliuweka mwaka 2012 katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Utaratibu basi ni huu: chujio la hewa, oili na maji, mafuta safi, plagi au nozeli, bomba la moshi kutoka injini hadi mkiani, kisha masega, na injini yenyewe iwe ya mwisho kufunguliwa. Tukifuata mpangilio huo tutaokoa fedha. Lakini kama fedha iliyopo inatosha jambo moja tu mwezi huu, iende kwenye bomba lililopasuka. Mengine yanaweza kungoja. Pumzi ya mtoto aliyelala kiti cha nyuma haiwezi.